Boliti Kumi na Nne

Injini ilitolewa Alhamisi saa nne asubuhi, wakati mwenyewe yuko kazini.

Fundi aliipanga siku hiyo kwa umakini ambao hakuwa nao hata kwa magari ya wateja wake. Mke wake alitumwa kukaa getini, ili jirani akija kuomba chochote ahudumiwe hapo hapo nje. Mtoto wao wa kiume, ambaye nyumba nzima ilimwita Bingwa tangu hajaota meno, alivuta mnyororo wa winchi huku macho yake yakiwa pembeni. Injini ikapanda taratibu kutoka tumboni mwa gari, silinda sita kwenye mstari mmoja, ndefu, safi, inanukia oili mpya. Katika nyumba ile injini ikitoka watu hutaniana na kugombania nani ashike taa. Siku hiyo hakuna aliyetania.

"Toa kava," Fundi alisema. "Ile ya bluu. Inabaki hapa."

Kava hiyo ya juu ilikuwa imepakwa rangi na binti yake kwa mkono wake, mara tatu, akisugua kwa msasa kila mara. Sasa Bingwa aliifungua na kuifunga juu ya injini nyingine, kuukuu, iliyokuwa imelala miaka miwili chini ya turubai nyuma ya tangi la maji. Nayo ilikuwa ya silinda sita, ukoo mmoja na ile nzuri, ila ilishachoka na maisha. Kufika saa saba ilikuwa imeshaingia ndani ya gari, kava ya bluu inang'aa juu yake, na mtu asiyejua angesema hakuna kilichotokea.

"Na akifungua boneti?" Mama aliuliza kutoka getini.

"Ataona bluu. Halafu hatafungua. Nitamwambia nimeshamaliza kila kitu."

"Atakuuliza."

"Nitamjibu. Mimi si baba yake?"

Mama alisogea kupisha gari la mizigo lililokuja kuchukua injini, akafunga geti nyuma yake kwa mikono miwili ili komeo lisipige kelele.

Gari hilo lilikuwa la Mwenye Malori. Mtu huyu alikuwa na malori mengi na ugonjwa mmoja, na ugonjwa wenyewe ni mbio za mita mia nne: magari mawili yanapangwa sambamba kwenye njia ya kiwanja cha ndege kilichoachwa, taa inawaka kijani, na anayefika kwanza ndiye mwenye haki ya kuzungumza. Katika daraja la silinda sita Mwenye Malori alikuwa amenunua kila kinachonunulika, na bado kila msimu gari la Fundi lilimwacha. Jumamosi hii wangekutana naye fainali. Akaona badala ya kushindana na nyumba ile, aingie ndani yake. Hakuleta fedha. Alileta kiti. Alisema atamwajiri Bingwa awe dereva wake, kwa mshahara wa kila mwezi na ovaroli yenye jina, na akishinda fainali ndiye atakayepelekwa na chama cha mbio kwenye mashindano makubwa ya nje.

"Ila kijana aje na injini," alisema. "Kijana bila injini wapo wengi."

Msimamizi wake, mwanamume wa ovaroli nyeupe isiyo na doa hata moja, ndiye aliyekuja kuipakia. Aliizunguka injini, akainama, akanyooka.

"Iko kamili?"

"Kamili," Fundi alisema. "Ni kuwasha tu."

Haikuwa kamili, na Fundi alijua. Jumanne binti yake alikuwa amefungua kichwa cha injini akaweka gasketi mpya, ile ya kuziba kati ya kichwa na mwili wa injini. Jumatano aliiwasha ikapata moto. Sasa ikishapoa, boliti zote kumi na nne za kichwa zilitakiwa kukazwa tena, kwa mpangilio wake, kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa spana ya kipimo, inayoonyesha nguvu ya kukaza. Bila hivyo gasketi hailali vizuri, na siku injini ikikanyagwa kwa nguvu zote inapasukia hapo. Fundi mwenyewe ndiye aliyemfundisha binti yake jambo hilo akiwa na miaka kumi na miwili. Lakini neno "kamili" lilishatoka, na mbele ya ovaroli nyeupe ile aliona aibu kulirudisha. Alijiambia atamtuma Bingwa akawaambie mafundi wa kule.

Alimwambia kweli, Ijumaa asubuhi, kwa simu. Bingwa akasema, "Sawa, Baba." Bingwa alikuwa na siku moja tu kazini. Mafundi walimwita "dereva", na mmoja alimletea chai. Hakutaka kuwa mtu wa kwanza kusema kwamba kitu kilichotoka kwao kimekuja nusu. Akanyamaza, akanywa chai.

*

Binti waliyemwibia aliitwa Kipimo. Ni jina la kazini, alilopewa kwenye karakana ya kuchonga vyuma alikofanya kazi, kwa sababu hakuwa akiamini kitu mpaka akipime, na akishapima haamini aliyepima kabla yake. Alikuwa na miaka ishirini na tisa. Injini ile ilimchukua mitatu kati ya hiyo. Krenki, ule mhimili wa injini, aliichonga mwenyewe siku za mapumziko, pistoni alizipima moja moja mpaka zote sita zikawa na uzito mmoja, na nusu ya mshahara wake iliishia humo, mwezi baada ya mwezi, wakati wenzake wananunua viatu.

Alhamisi hiyo hiyo, saa ambayo injini yake ilikuwa ikivuka geti, mteja aliingia karakana amekumbatia krenki ya basi.

"Naomba kumwona fundi."

"Ndiye mimi."

"Namaanisha fundi mwenyewe, dada."

Kipimo alimtazama kidogo. "Fundi mwenyewe ametoka kula. Niachie, nitampa."

Mteja akaacha. Kipimo akaichonga, akaipima, akaipaka mafuta. Saa kumi mteja akarudi, akapitisha kidole, akasifu sana.

"Mwambie fundi ana mkono."

"Zitafika salamu," alisema Kipimo, na bosi wake nyuma ya meza akacheka mpaka akakohoa.

Mambo ya namna hiyo yalikuwa yakimpata kila wiki na hayakumkondesha, kwa sababu ilikuwepo nyumba moja duniani ambako hakuna aliyeuliza fundi yuko wapi. Ukitaka kuijua nyumba hiyo, ingia sebuleni kwao. Mlango unazuiwa na pistoni. Juu ya kabati, mahali ambapo wengine huweka vikombe vya wageni, kuna giaboksi iliyopasuliwa katikati ili watu waone meno yake. Mama, ambaye hakuwahi kushika usukani, alisikia kutoka jikoni silinda ipi haichomi. "Ya tatu hiyo," angesema huku akimenya vitunguu, na ingekuwa ya tatu kweli. Watu wengine hurithishana mashamba, wao walirithishana kelele.

Na walikuwa na sheria moja. Fundi aliwaambia watoto tangu wadogo: danganya umri, danganya mshahara, hata mimi nidanganye ulikokuwa jana, lakini injini usiidanganyie, kwa sababu kuna mtu atakaa nyuma yake. Kwa hiyo ukiulizwa umekaza, unasema umekaza au hujakaza. Hakuna la tatu.

Ijumaa jioni Kipimo alirudi na spana yake ya kipimo begani. Alimkuta baba yake amekaa kwenye kigoda mbele ya gari, mgongo ukiegemea bampa, kama askari wa benki.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Umechoka."

"Sijachoka. Nimekuja kukaza."

"Nimeshaikaza."

Kipimo alisimama. "Wewe?"

"Mimi. Asubuhi, ikiwa baridi kabisa. Zote kumi na nne."

"Kwa spana ipi? Hii hapa."

"Nilikuwa nakaza kabla hujazaliwa," alisema Fundi, na sauti yake ikapanda kidogo. "Hiyo spana yako imenikuta. Nenda ukale, ulale mapema. Na usiwashe, mtoto wa jirani ana homa."

Kipimo aliitazama boneti iliyofungwa. Kidole chake kilitaka kuifungua, na lau angekuwa ameambiwa na mtu mwingine yeyote angeifungua. Lakini ilikuwa ni injini, na aliyesema alikuwa baba yake. Akaweka spana chini.

"Asante, Baba," alisema.

Ndani, Mama alimpakulia chakula kingi kuliko cha baba yake. Alimchagulia kipande kikubwa, akamwongezea mchuzi bila kuombwa, akamuuliza kama mgongo unauma.

"Mama, leo vipi? Naolewa?"

"Kula tu, mwanangu."

"Bingwa yuko wapi? Siku mbili simwoni."

"Amekwenda kwenye usaili wa kazi. Mbali kidogo. Atakosa mbio zako, maskini."

"Mungu amsaidie apate," alisema Kipimo, na alimaanisha. Mama alishika sufuria akaenda nayo nje, ingawa maji yalikuwa ndani.

*

Jumamosi jua lilitoka mapema na hasira zake. Kwenye kiwanja watu walijaa pande zote mbili za njia, wengine juu ya magari, wengine juu ya mabega ya wengine. Kipimo aliwasha gari saa tatu. Liliwaka, likanguruma, na yeye akakunja uso.

"Ni zito."

"Joto hili," Fundi alisema haraka. "Hewa ya leo ni nyepesi, injini haipati pumzi. Hata za wenzako ziko hivyo."

"Si kupumua. Limelala, Baba. Kama limeamshwa kwa nguvu."

"Litaamka kwenye mstari. Twende, wanatuita."

Kipimo alishika mkanda wa boneti ili afungue. Fundi aliweka kiganja chake juu, si kwa nguvu, kama mtu anayelipapasa gari kwa upendo. "Wanatuita," akarudia. Na kweli kipaza sauti kilikuwa kinataja daraja la silinda sita, fainali, gari la Fundi na gari la Mwenye Malori. Kipimo akavaa kofia ya chuma.

Mama kwa kawaida alikaa kwenye tairi kuukuu upande wa kushoto, saa ya kupimia muda ikining'inia shingoni. Kipimo alimtafuta pale kama ilivyo ada kabla ya kila mbio. Tairi lilikuwa tupu. Akageuza macho, akamwona upande wa pili, chini ya hema la Mwenye Malori, kwenye kiti cha plastiki chenye mikono, amevaa nguo yake nzuri, amekumbatia soda ambayo hakuifungua. Kipimo alidhani amekwenda kutafuta kivuli. Akampungia mkono. Mama akainua mkono nusu, akaushusha.

Ndipo gari la Mwenye Malori likaja na kusimama kwenye njia ya jirani.

Lilikuwa linaunguruma kwa sauti ya chini. Kipimo alikuwa akiangalia geji zake, na hakuinua kichwa mara moja. Sauti ile ilimpita, ikarudi. Dereva wake alikanyaga mafuta mara moja kupasha moto. Kipimo akaisikia ikipanda, bila kukwaruza, bila kusita pale katikati ambapo zote nyingine husita, kwa sababu yeye ndiye aliyekaa usiku na mchana mpaka ikaacha kusita. Alizisikia pistoni zake sita zenye uzito mmoja. Mwili wake ukajua kabla ya kichwa. Alijikuta ameshika usukani kwa nguvu, na machozi yamekuja, na bado hajasema hata moyoni ni nini.

Akamtazama dereva. Kofia ilificha uso, lakini dereva alipandisha bega la kushoto na kulishusha, mara mbili, kulegeza shingo. Ni Kipimo aliyemfundisha mdogo wake kufanya hivyo. Alimfundisha kwenye gari hili, kwenye kiti hiki.

Kipimo alizima injini, akafungua mkanda, akashuka.

Watu wakapiga miluzi. Mwamuzi wa mstari alikuja mbio. "Dada, rudi ndani. Una dakika moja, halafu tunahesabu umejitoa."

"Dakika inatosha," alisema. Fundi alikuwa amesimama mbele ya gari, pale anaposimama kila mara kumwelekeza aingie kwenye mstari. Kipimo alimfikia, akavua kofia. Alizungumza kwa sauti ya chini sana, ya mtoto anayeongea na baba yake.

"Baba, ile ni yangu."

Fundi alitazama chini.

"Sikuulizi kwa nini. Yule ni mdogo wangu na wewe ni baba yangu, hayo tutayazungumza nyumbani. Nakuuliza kitu kimoja tu. Uliikaza?"

Mwenye Malori alikuwa amesimama hatua tano kutoka pale, miwani ya jua usoni, mikono mfukoni. Msimamizi wa ovaroli nyeupe alikuwa kando yake. Wote wawili walikuwa wanasikiliza. Fundi aliwaona. Alikuwa na nafasi, hata pale, ya kutikisa kichwa tu.

"Niliikaza," alisema.

"Zote kumi na nne."

"Zote, mwanangu."

Kipimo aliukagua uso wake kama anavyokagua chuma. Halafu akavaa kofia. Alikuwa ameshaibiwa, lakini kwa hilo alimwamini, kwa sababu asingejua aishi vipi bila kumwamini. Alirudi akafunga mkanda, akawasha kile kizee chenye kava ya bluu.

Taa ikawaka kijani. Kipimo aliondoka kwanza, jicho lake halikuwahi kuchelewa, na kwa mita hamsini alikuwa mbele. Kisha ile sauti ikampita upande wa kulia, karibu kabisa, ikipanda na kupanda. Hakuwahi kuisikia kutoka nje ikiwa inakimbia. Siku zote alikuwa ndani yake. Ilikuwa nzuri kuliko alivyojua, na hilo ndilo lililomvunja moyo kuliko yote, kwamba alijivunia. Bingwa alifika mwisho akiwa amemwacha mbali. Alipovuka mstari tu, moshi mweupe ukatoka chini ya boneti, mwingi, wa mvuke, na gari likaenda linapungua kasi mpaka likasimama peke yake mwisho wa kiwanja.

Kipimo alipita kando yake polepole, akasimamisha gari lake. Hakuhitaji kufungua boneti ya mtu. Mvuke mweupe una maana moja, maji yameingia mahali pa moto. Gasketi imepasuka. Alikaa ndani na kofia kichwani, akasikiliza watu wakija mbio kutoka mbali, wakimwimba mdogo wake, wakimbeba juu na ovaroli yake yenye jina, wakimpiga picha mbele ya moshi.

*

Nyumbani hakuna aliyewasha redio. Bingwa hakurudi, alikuwa akisherehekewa kwa Mwenye Malori. Kipimo alikaa sebuleni, mikono juu ya magoti. Fundi alisimama mlangoni, hakuingia wala hakutoka.

"Ungesema hujaikaza," Kipimo alisema, "ningewaambia wazime. Ningempa mdogo wangu ushindi bila kukimbia. Ningeshuka nikaenda nyumbani kwa miguu na injini ingekuwa nzima."

"Nilikuwa nimewaambia iko kamili."

"Kwa hiyo?"

"Wangenionaje?"

Kipimo alicheka, kicheko kifupi kisicho na furaha. Akamgeukia Mama, aliyekuwa akikunja nguo ambazo zilishakunjwa.

"Na wewe ulijua."

"Mwanangu, mdogo wako ana miaka minne hapa ndani bila kazi. Anaamka, anakula, analala. Nilikuwa namsikia analia. Wewe hukumsikia, wewe unatoka alfajiri." Mama hakuinua macho. "Wewe una mikono. Utatengeneza nyingine. Yeye ana nini?"

"Kwa hiyo ningekuwa mzembe mngeniachia changu."

"Usiseme hivyo."

"Ulikaa upande wa pili, Mama."

Mama alikunja shati, akalifungua, akalikunja tena.

"Waliniwekea kiti," alisema.

Kipimo aliinuka akaenda chumbani kwake. Hakubamiza mlango. Alitoa pasipoti yake kwenye sanduku la vifaa, ile aliyoitengeneza mwezi uliopita ili akishinda asichelewe, akaitazama picha yake. Alikuwa ametabasamu, na mwenye studio alimkataza. Akairudisha chini ya spana.

Siku tatu zilipita wakisalimiana. "Shikamoo." "Marahaba." "Umeamkaje?" "Salama." Hayo tu.

*

Jumatano saa kumi na moja gari la mizigo lilirudi, na injini juu yake, imefungwa kamba. Msimamizi wa ovaroli nyeupe hakushuka. Aliongea kupitia dirishani.

"Bosi anasema mlituuzia kitu kibovu."

"Hatukuuza," alisema Fundi.

"Vyovyote. Mashindano ya nje ni mwezi ujao. Anasema itengenezwe ndani ya wiki mbili, iwe kama ilivyokuwa. Ikishindikana, injini ibaki kwenu na kijana abaki kwenu." Alimtazama Bingwa, aliyekuwa amekaa nyuma na injini kama mzigo mwingine. "Shuka, dereva."

Bingwa akashuka. Alikuwa bado amevaa ovaroli yenye jina.

Kipimo aliporudi kutoka kazini aliwakuta wote uani. Injini ilikuwa juu ya meza ya chuma. Fundi alikuwa ametandika kitambaa safi na kupanga vifaa vya Kipimo kwa mpangilio anaoupenda, kutoka kikubwa hadi kidogo. Mama alikuwa ameshika taa. Bingwa alikuwa ameshika taa nyingine. Walisimama kama walivyosimama jioni nyingi za miaka mitatu, na kwa kitambo kidogo, mwanamke huyu aliyechoka, mwenye begi begani, alitamani iwe kweli.

"Dada," Bingwa alisema. "Nilitumwa niwaambie wakaze. Sikuwaambia. Niliogopa watanicheka."

"Nimesikia."

"Iangalie, mwanangu," alisema Fundi. "Mimi macho yangu hayaoni tena vitu vidogo. Iangalie utuambie."

Kipimo aliweka begi chini. Alifungua boliti moja moja, kuanzia pembeni kuja katikati, zote kumi na nne, na kila moja ilitoka kwa urahisi mno. Akainua kichwa cha injini pamoja na Bingwa, wakakilaza juu ya kitambaa. Gasketi ilikuwa imeungua kati ya silinda ya tano na ya sita, mahali padogo tu, upana wa ukucha. Alifuta uso wa bloku, ule mwili wa injini, kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Akalaza rula yake ya chuma, huku na huku, na mshazari. Akasema Mama asogeze taa. Mama akasogeza.

Bloku ilikuwa nzima. Kichwa kilikuwa kimepinda kidogo sana, kiasi cha kuchongwa asubuhi moja pale karakana. Gasketi mpya, kukaza, kupasha moto, kupoza, kukaza tena. Kazi ya siku mbili. Angeweza kuifanya akiwa amefumba macho, na ingelia tena vile vile.

Alipitisha kidole taratibu juu ya chuma, akakisimamisha baina ya silinda ya tano na ya sita.

"Hapa," alisema.

"Nini?" Fundi aliuliza.

"Bloku imepasuka. Ufa unaanzia hapa, unateremka mpaka kwenye njia ya maji. Mwembamba kama unywele, lakini umekwenda mpaka ndani. Hii haitengenezeki. Hakuna anayeweza."

Bingwa aliweka taa chini na kukaa kwenye kigoda. Mama alishika mdomo. Fundi alivaa miwani yake, akainama mpaka pua ikakaribia chuma, akaivua, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. Alipitisha kidole gumba chake, kinene, chenye sugu za miaka arobaini, pale pale binti yake alipoonyesha, juu ya chuma laini kisicho na kitu. Alipitisha mara ya pili. Kipimo alimsubiri, hakumhimiza.

"Kweli," alisema Fundi. "Nauona."